Goti Lisilouma

Sponji ilichomoka kwenye kona ya mwisho, mbele ya jukwaa lililojaa watu. Ingekuwa na haya hata kidogo ingesubiri mbio ziishe.

Kilikuwa kipande cha mviringo, kikubwa kama kiganja cha mtu mzima, aina ile ambayo mafundi cherehani huitia kwenye gauni la bibi harusi ambaye Mungu hakumkadiria kifua. Kilianza kwa kuchungulia kwapani, kikaning'inia kwa uzi mmoja, kikawa kinampigapiga mwenyewe mbavuni kama kinamhimiza aongeze mwendo, kisha uzi ukakatika kikadondoka kwenye njia ya pili. Msichana aliyekivaa hakujua. Alikuwa amewaacha wenzake kiasi kwamba mtu angeweza kupitisha mkokoteni katikati yao asimgonge yeyote. Alikata utepe, akajishika kiuno, akacheka. Ndipo alipoona kwamba watu hawamtazami usoni.

Upande mmoja wa kifua ulikuwa umejaa vizuri. Wa pili ulikuwa bapa kama meza.

"Kaka, umedondosha mzigo!" mtu alipaza sauti kutoka juu, na kicheko kikashuka ngazi za jukwaa safu moja baada ya nyingine mpaka kwa wenye viti vya heshima, ambao walicheka kwa heshima.

Mtaani wanamwita Kiberiti, kwa sababu ni mwembamba, ana kichwa kidogo, na ukimsugua vibaya anawaka. Siku hiyo hakuwaka. Alijifunika kifua kwa mikono, akawa anatazama jukwaani anamtafuta mtu. Aliyemtafuta alikuwa safu ya tatu, na alikuwa ameinama akipekua mkoba wake. Mkobani hamkuwa na kilichopotea. Lakini ukiinama vizuri juu ya mkoba, unaweza kukaa humo muda mrefu bila kumwona mwanao.

Huyo ndiye mama yake, fundi cherehani. Fulana aliishona yeye. Na sponji aliitia yeye.

Kocha wa msichana aliyeshika nafasi ya pili aliiokota ile sponji kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye unga, akaipeleka kwenye meza ya waamuzi.

*

Nyumba yao ni ya vyumba viwili na sebule, na sebule si sebule. Upande wa dirishani ni karakana ya mama: cherehani, meza ya kukatia, magunia ya vipande. Upande wa mlangoni ni ghala la baba, ambaye ni mpaka rangi: makopo, brashi, ngazi iliyolazwa ukutani. Wageni hukaa katikati na kusali wasichafuke. Baba hupenda kusema kwamba nyumba hiyo inaishi kwa kuficha aibu za watu, yeye nyufa, mkewe vitambi. Siku nyingine huwa ni utani mzuri.

Kocha wa Kiberiti alikuja mwenyewe, hakupiga simu. Uwanjani ni mtu wa kufoka mpaka mishipa ya shingo inasimama. Siku hiyo alivua viatu mlangoni, na sauti akaiacha hukohuko.

"Wamelalamika," alisema.

"Kina nani?" baba aliuliza.

"Klabu ya yule wa pili. Wanasema kama hana cha kuficha, sponji ya nini?"

Kiberiti alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ambayo ilikwisha kutungwa.

Yeye ndiye aliyekuwa akiwashonea wanariadha wote wa klabu, na fulana za wengine alizishona kama zilivyo. Ya bintiye ndiyo aliyoitia nyongeza, baada ya mteja mmoja, mwanamke mwenye gauni la sherehe na mdomo usio na komeo, kuuliza, "Fundi, huyu kijana wako anajifunza kushona pia?" Kiberiti alikuwa pale pale, ameshika pasi. Mteja alipotambua akacheka, akasema samahani, na siku iliyofuata akaja na rafiki yake kumwonyesha.

Kiberiti aliikataa ile fulana. "Mama, inanipa joto."

"Ivae. Jukwaa lina macho."

"Macho yatanifanya nini? Mimi nakimbia."

"Yatanifanya mimi," mama alisema, na Kiberiti akaivaa. Mshono alioufanyia haraka ulikuwa mmoja tu, wa kwapani, kwa kuwa mteja mwingine alikuwa mlangoni anadai gauni lake.

Kocha alikohoa. "Chama cha riadha kinataka apimwe kabla ya kuteua timu ya taifa. Akikataa, jina linatoka. Akikubali, daktari anamwangalia, wanachukua damu, yanaisha."

"Ananiangalia nini?" Kiberiti aliuliza.

Kocha alisoma maandishi ya kopo la rangi kama vile hajawahi kuona kopo. "Kila kitu," akasema.

"Na yule wa pili, naye anaangaliwa?"

"Yeye hakushinda."

"Ahaa. Kwa hiyo ningechelewa kidogo tu ningekuwa mwanamke."

Baba alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akajifanya amepaliwa.

"Usiende kama hutaki," kocha alisema. "Lakini ujue watasema nini."

Hapo ndipo mama alipoweka sindano chini. "Aende," alisema. "Nenda, mwanangu. Nimekuzaa mwenyewe, nimekuogesha mwenyewe, hakuna nisichokijua. Hatuna cha kuficha."

Alisema kwa sauti ya mama anayemtetea mwanawe, na kocha alimwamini, na mumewe alimwamini. Yeye mwenyewe alijua kilichomsukuma. Alitaka daktari aseme neno moja, kwa mhuri, ili ile sponji igeuke kuwa mchezo wa fundi asiye na akili, watu wacheke wasahau. Alikuwa anamtuma bintiye akamsafishie kosa lake.

"Hatuna cha kuficha, Mama?" Kiberiti aliuliza.

"Hatuna."

"Haya."

*

Kwenye kituo cha vipimo waliambiwa mzazi abaki nje, mhusika ni mtu mzima. Mama alikaa kwenye benchi la chuma lililotobolewa matundu, akaupakata mkoba wake. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Ukitaka kusikia unasikia, na usipotaka unasikia vilevile.

"Vua na hiyo." Zipu ikalia. "Inua mikono. Geuka. Geuka tena." Kalamu ikaandika. "Siku zako unaziona?" Jibu halikusikika. "Sema kwa sauti, tunaandika."

Kuna mwanamume alicheka humo ndani. Labda alichekea simu yake. Mama alishikilia hilo la simu kwa mikono miwili, akalirudiarudia moyoni, na halikumsaidia.

Alifikiri ainuke abishe hodi. Alifikiri aseme, basi, inatosha, nirudishieni mtoto wangu. Mapajani alisikia miguu ikijiandaa. Kisha muuguzi akapita na toroli, akamsalimia vizuri, "Shikamoo mama, unasubiri mgonjwa?" naye akaitikia, "Marahaba, ndiyo," na nguvu zote za kuinuka zikaishia kwenye ile salamu.

Kiberiti alitoka amevaa blauzi nje-ndani. Mishono yote ilionekana, na lebo ya kitambaa ilikuwa chini ya kidevu. Mama yake ni mtu ambaye hata msibani hawezi kuona pindo limekaa vibaya akanyamaza. Alinyamaza.

Walitembea hadi kwenye kibanda cha vinywaji, mama akanunua soda moja, akaifungua, akampa.

"Walikuwa wangapi humo?"

"Wanne."

"Madaktari wanne?"

"Daktari mmoja. Wengine walikuwa wanajifunza."

"Hukuwaambia watoke?"

"Niliwaambia. Wakasema ni utaratibu." Kiberiti aliishika ile soda mpaka ikapata joto, kisha akaiweka juu ya kaunta bila kuinywa. "Mmoja aliniomba nimsalimie kocha. Anasema huwa ananishangilia."

*

Majibu yalitolewa katika ofisi ya katibu wa chama cha riadha, chumba chenye vikombe vya ushindi kabatini na feni inayozunguka kwa uvivu wa mtumishi anayesubiri kustaafu. Katibu alikuwa mtu wa adabu. Aliwapa viti vyenye mito, akawauliza habari za nyumbani, na kila mtu akajua kwamba mambo ni mabaya.

Daktari aliyeletwa na katibu alikuwa mwanamke, si yule wa siku ya vipimo. Aliongea taratibu.

"Huyu ni msichana, na hapa hakuna anayebisha. Hajatumia dawa. Hajamdanganya mtu. Amezaliwa na mwili unaotengeneza homoni fulani kwa wingi, kupita kiwango kilichowekwa kwa mbio zake upande wa wanawake. Yeye hakujua, na kwa kumtazama msingeweza kujua. Akitaka kuendelea na mbio hizo, kuna dawa."

"Ni ugonjwa?" baba aliuliza.

"Si ugonjwa."

"Sasa hizo dawa mnazosema anatibiwa nini?"

Daktari alirekebisha miwani. "Hatibiwi. Anapunguzwa."

Feni ilizunguka. Mama aliona ndiyo nafasi yake. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu kwenye kituo cha basi. "Mheshimiwa, mimi nina la kusema. Ile sponji niliitia mimi. Yeye hakuitaka. Kosa ni langu, adhabu iwe kwangu."

Katibu alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa chakula akiwa ameshashiba. "Mama, ya sponji yalishapita. Sponji ilitufanya tuangalie tu. Tulichokiona si sponji."

Kwa hiyo hata kosa lake hawakulihitaji. Alirudi nyuma kwenye mto wa kiti, mdogo zaidi ya alivyokuja.

"Nielewe na mimi," katibu aliendelea, sasa akimwambia Kiberiti. "Wale wengine wanaamka alfajiri kama wewe. Wana mama zao. Nikiwaambia wakimbie wanyamaze, nimewatendea haki?"

Lilikuwa swali la kweli. Kiberiti alilifikiria. Alimkumbuka yule wa pili, alivyolia palepale kwenye mstari, alivyoukataa mkono aliopewa.

"Sijui," alisema. "Labda hujawatendea. Lakini mimi nimewaibia nini? Hii kasi niliichukua kwa nani?"

"Sijasema umeiba."

"Ila niirudishe."

Katibu alivuta pumzi. Alieleza kuhusu vidonge: kila siku, kwa muda wote ambao atataka kukimbia mbio zile. Daktari aliongeza kwa sauti ya chini kwamba vina kichefuchefu, uchovu, na mwili kujaa maji. Hakuna anayemlazimisha, katibu alisema. Hilo alilisema mara mbili. Na wakati anafikiri, chama kingewatangazia watu kwamba ameumia, ili kumlindia heshima.

"Ameumia wapi?" mama aliuliza.

"Popote. Goti, tuseme."

"Goti ni zuri!" baba alidakia, na uso wake ukapata rangi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Goti linaeleweka. Kila mtu ana goti."

"Lipi?" Kiberiti aliuliza.

Wanaume wawili walitazamana. "La kushoto," baba alisema, kwa uhakika wa mtu anayemchagulia mteja rangi ya ukuta.

Kiberiti alimgeukia mama yake. Alimtazama tu, kama alivyotazama jukwaani. Safari hii mama alimtazama pia, na hilo alijihesabia kuwa ni hatua. Kisha akasema, "Kwa muda tu, mwanangu."

*

Goti lilipokelewa vizuri sana mtaani. Watu walilipenda. Muuza mboga alitoa pole, mwenye duka alitoa pole na biskuti, na vijana wa kijiweni, walewale waliokuwa wakimwita kaka, walisema kwa huzuni kwamba nchi imepata pigo.

Tabu ilikuwa kulilea. Msichana ambaye alikuwa akitumwa dukani anarudi kabla chai haijachemka, sasa alitakiwa kuchechemea. Alichechemea vibaya. Alikuwa akisahau, anatoka getini kwa hatua zake ndefu, mpaka baba aliyekuwa juu ya ngazi anapaka ukuta wa jirani anamnong'oneza kwa nguvu, "Goti! Goti, wewe!" Anaanza kuburuta. "Si hilo! La kushoto!"

Baba hakuwa mtu mbaya. Aliwasimulia mafundi wenzake habari za goti mara nyingi, kila mara akiongeza kamba moja iliyokatika humo ndani, mpaka siku moja akarudi na bandeji aliyoinunua kwa hela yake ya chakula cha mchana. Akamfunga bintiye huku akimuuliza kama inabana sana. Kiberiti akajibu haibani, Baba, asante.

Bandeji ilikuwa inateleza. Basi mama, kwa mkono uliokwisha kuzoea, akachukua kitambaa cha kuvutika na lastiki pana, akaanza kumshonea soksi ya goti.

"Simama hapa. Kunja kidogo," alisema, akipitisha futi yake juu ya goti.

Kiberiti alisimama. Alimwangalia mama yake akipiga magoti sakafuni, pini midomoni, akitia alama kwa chaki.

"Unanishonea tena," alisema.

"Ni kitambaa tu," mama alisema kupitia pini.

"Na ile ilikuwa sponji tu."

Mama alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Nilikuwa nakukinga."

"Na nani?"

Mama aliivuta lastiki, akaipima tena. Jibu alikuwa nalo. Hakuna aliyewahi kumtishia mtoto. Kulikuwa na mwanamke mwenye gauni la sherehe na rafiki yake, wawili waliosimama kwenye mlango ule, wakacheka kidogo, wakalipa, wakaondoka.

"Wale wanne wa kule mimi siwajui," Kiberiti alisema. Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali. "Waliniangalia wakaona kuna kilichozidi. Sawa, ni kazi yao, wanalipwa. Lakini kabla yao kuna mtu aliniangalia akaona kuna kilichopungua. Huyo alikuwa halipwi."

"Mwanangu..."

"Vidonge sivinywi. Viko pale kabatini, usimwachie Baba akavichanganya na vyake vya presha. Sijaumwa. Siwezi kunywa dawa ya kuwa mbovu kidogo ili niitwe mzima."

"Na timu je? Na mashindano?"

"Nimeshayalilia. Ulikuwa umeenda sokoni." Aliinama, akaiokota ile soksi ya goti iliyoshonwa nusu. "Malizia. Nitaivaa. Tumeshasema goti, sasa nifanyeje?"

Mama aliimalizia. Aliishona polepole, mishono miwili kila upande, na ilimkaa bintiye vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kumtengenezea. Kila alipoiona ikipita mlangoni alihisi kama yeye ndiye aliyemvunja mguu.

*

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliposikia habari za goti alipanda basi siku hiyohiyo. Kwao yeye ndiye mkandaji. Amenyoosha migongo, vifundo, shingo zilizolala vibaya, na mfungaji mmoja wa timu ya mkoa ambaye bado anamtaja kila mahali. Hakupita nyumbani. Aliwakuta mama na binti bombani, asubuhi ya foleni ndefu, akateremsha mkoba palepale.

"Wifi, mnaniona mimi nani?" alianza. "Goti la mtoto wa kaka yangu linakufa, na mimi niko hai, na mafuta ninayo, halafu nasikia kwa watu?"

"Karibu wifi, twende nyumbani kwanza upumzike..."

"Nipumzike nimefanya nini? Wewe Kiberiti, kaa."

Mtu akageuza ndoo, Kiberiti akakalishwa. Shangazi akaivua ile soksi akaitupa begani kwake, akamimina mafuta, akaanza kazi. Vidole vyake vilikuwa vya mtu anayekanda chapati za harusi nzima.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana, Shangazi."

"Anajikaza tu huyu. Wanamichezo ndivyo walivyo." Alibonyeza zaidi. "Hapa je?"

Foleni ilipoteza umbo. Wanawake walisogea, kila mmoja na goti lake la kusimulia. Mmoja alisema ni maji yamejaa, mwingine akasema si maji ni upepo. "Hebu pandisha nguo kidogo tuone paja," alisema wa tatu, kwa wema kabisa. "Kuna wakati goti linaumwa lakini ugonjwa uko juu." Mkono mwingine ukaja, ukapima misuli. "Lo, limekaza kama la mwanamume! Geuka, mwanangu, tuone na la nyuma."

Kiberiti aligeuka. Uso wake ulikuwa umefungwa, macho yametua mahali pasipo na mtu. Mama aliwahi kuuona uso huo mara moja, juu ya blauzi iliyovaliwa nje-ndani.

Aliiweka ndoo yake chini. Maji yalimrukia miguuni.

"Wifi, mwache."

"Nimwache na goti bovu?"

"Goti lake ni zima."

"Wewe ndiye daktari sasa?"

"Ni zima, wifi. Halijawahi kumuuma. Tulisema uongo. Mimi nilikuwepo, nikakubali. Mwondoleeni mikono."

Mikono iliondoka, mmoja mmoja. Maneno mengine yalikuwa yameshafika kooni kwa mama, mengi, ya kueleza na ya kujitetea, na labda ya kulia. Akayameza. Hayakuwa yake. Alimtazama bintiye, akangoja, huku akihofia kwamba pengine ndiyo kwanza amemvua nguo mbele ya mtaa mzima.

Kiberiti alisimama kutoka kwenye ndoo. Mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye kisigino.

"Walinipima," alisema. "Wamesema mimi ni msichana, ila mwili wangu una nguvu kupita kiwango walichoweka wao. Wanataka ninywe vidonge vinipunguze, ndipo nikimbie. Nimekataa. Kwa hiyo sipo kwenye timu. Ni hivyo tu. Hakuna goti."

Ndoo iliyokuwa bombani ilijaa ikaanza kumwagika, na katika mtaa ule ambao maji huwa yanagombaniwa, hakuna aliyeinama kufunga.

"Kwa hiyo wewe sasa ni..." mwanamke mmoja alianza.

"Mimi ni huyuhuyu. Juzi nilikubebea gesi mpaka ghorofani."

Mwanamke huyo alitazama chini. Mwingine, aliyekuwa na binti mdogo mkononi, alichukua ndoo yake kabla haijajaa, akamvuta mtoto, akaondoka bila kuaga. Kiberiti alimwona akienda. Mama naye alimwona.

Shangazi alikuwa bado amechuchumaa, viganja viking'aa. Alikuwa anamtazama mtoto wa kaka yake kutoka chini, na ilionekana ana mambo mengi ya kusema kuhusu ukoo, aibu, na kwa nini yeye haambiwi kitu. Alianza na la karibu.

"Yaani goti ni zima?"

"Zima, Shangazi."

"Na nimelipaka mafuta yote haya?"

"Umelipaka, Shangazi."

"Ya karafuu!" Shangazi alisema kwa uchungu mkubwa. "Ya kusagwa kwa mkono!" Na mtu akacheka, kisha wawili, kisha Kiberiti mwenyewe, kidogo, kwa pembe ya mdomo. Shangazi hakucheka. Aliivuta ile soksi ya goti kutoka begani, akafutia nayo mikono, kidole kwa kidole. Kisha akafungua mikono yote miwili. "Njoo hapa," akasema. "Nikubusu paji la uso tu. Sikukandi."

*

Walirudi nyumbani kabla ya Shangazi, ambaye alibaki bombani akiwaeleza wanawake mambo ambayo hakuyajua nusu saa nyuma kama vile aliyajua miaka yote.

Kiberiti alitangulia. Alijitwika ndoo, mkono mmoja juu, akaondoka kwa mwendo wake mwenyewe, ule wa kabla ya goti, hatua ndefu zinazoifanya njia ionekane fupi. Vijana wa kijiweni walimwona, wakatazamana. Mmoja akafungua mdomo, lakini alipopata cha kusema, wa kuambiwa alikuwa ameshapita.

Mama alikuwa nyuma na ndoo iliyozidi uwezo wake. Alitaka kumwita. Alikuwa na neno moja tu, na alikuwa akilikwepa tangu siku ya uwanjani kwa kupekua mikoba, kutunga sindano, kumnunulia soda. Alilisema sasa, bila sauti, kwa mgongo unaokwenda. Nisamehe. Mgongo ukazidi kwenda.

Kwenye kupanda, pale ambapo njia inabanwa na kuta mbili ambazo baba alizipaka rangi, mama aliachwa mbali kabisa. Alisimama kupumua. Alipoinua macho aliona kwamba bintiye hakuwa amegeuka wala hakuwa amesimama, ila zile hatua ndefu zilikuwa zimefupika. Maji ya ndoo yake yalikuwa yametulia. Kiberiti alikuwa anatembea kama watu wengine, polepole, peke yake, katikati ya njia tupu. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Mama angeweza kumfikia sasa. Hakumkimbilia. Alijitwika ndoo yake, akamfuata kwa umbali uleule, maji yakimlowesha bega.